Kisima, Daftari na Hati: Historia ya Vibali vya Ardhi Kitengela

Uwanda wa Kitengela unaanzia ng'ambo ya kusini ya Mto Mbagathi, unapokoma mpaka wa Mbuga ya Taifa ya Nairobi, na kuendelea kuelekea Isinya na Kajiado kando ya barabara iendayo Namanga. Kwa zaidi ya karne moja, watu wa uwanda huu wamelijibu kwa njia mbalimbali swali moja gumu: ni nani aruhusiwe kulisha mifugo, kuteka maji, kujenga au kuuza, na anayeombwa atajuaje kwamba mwombaji anayo ruhusa hiyo kweli? Kwanza swali lilijibiwa na mila za Wamaasai wa Ilkaputiei. Zikafuata mikataba na mipaka ya serikali ya kikoloni, daftari la wanachama wa ranchi ya kikundi, hatimiliki ya mtu mmoja mmoja, na sasa sajili ya kielektroniki. Swali hilohilo limewashughulisha wataalamu wa kompyuta tangu miaka ya 1960, na majibu waliyoyafikia yanatoa nuru ya kuitazama historia ya Kitengela upya. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba haki katika uwanda huu ilihifadhika pale ruhusa ilipofungamanishwa na kitu mahususi na matumizi mahususi, na ikaharibika pale mamlaka mapana yalipowekwa mkononi mwa wachache bila kubainishwa yanatumika kwa niaba ya nani na kwa kiasi gani.

Orodha na kibali

Mnamo 1966, Jack Dennis na Earl Van Horn wa Massachusetts Institute of Technology walichapisha makala kuhusu kompyuta inayohudumia programu nyingi kwa wakati mmoja, ambamo programu moja isipozuiwa inaweza kuharibu kazi ya nyingine. Walipendekeza kila programu ipewe mkusanyo wa vibali. Kibali, kwa maana hiyo, ni rejeo lisiloweza kughushiwa ambalo linataja kitu fulani, kama vile faili, na wakati huohuo linaeleza kinachoruhusiwa kufanyiwa kitu hicho, ikiwa ni kusomwa, kuandikwa au kuendeshwa. Programu isiyo na kibali cha faili fulani haina njia yoyote ya kuifikia, hata ikilijua jina lake. Miaka mitano baadaye, mnamo 1971, Butler Lampson alilieleza suala zima la ulinzi kwa jedwali ambalo safumlalo zake ni za watumiaji, safuwima zake ni za vitu, na kila kisanduku kinaonyesha ruhusa aliyonayo mtumiaji huyo juu ya kitu hicho. Jedwali hilo likihifadhiwa kwa safuwima, kila kitu kinakuwa na orodha ya majina ya wanaoruhusiwa. Likihifadhiwa kwa safumlalo, kila mtumiaji anakuwa na vibali vyake. Njia zote mbili zina habari zilezile, lakini zinafanya kazi kwa namna tofauti, kwa kuwa mlinzi wa orodha huuliza mtu ni nani, ilhali mpokeaji wa kibali huuliza mtu ameleta ruhusa gani.

Tofauti hiyo huwa kubwa zaidi katika mifumo iliyotawanyika, yaani kompyuta nyingi zilizounganishwa kwa mtandao bila mojawapo kuwa na habari zote wala mamlaka yote. Katika miaka ya 1980, Andrew Tanenbaum na wenzake wa Vrije Universiteit, Amsterdam, walijenga mfumo uitwao Amoeba ambao kibali chake kilikuwa namba ya biti 128: biti 48 za kuitambulisha seva, 24 za kitu chenyewe, 8 za ruhusa, na 48 za uhakiki ambazo seva hiyo pekee ndiyo iliyoweza kuzithibitisha. Seva iliyoletewa kibali haikuhitaji kuuliza makao makuu wala kuweka orodha ya watumiaji wote wa mtandao. Ilikagua namba ya uhakiki, ikatazama ruhusa zilizotajwa, ikatekeleza au ikakataa. Aliyekuwa na kibali kamili aliweza pia kupata kibali hafifu zaidi cha kumpa mwingine, kwa mfano kile cha kusoma tu, na aliyepewa hakuweza kukiongezea nguvu.

Maji na malisho kabla ya sajili

Utaratibu wa Wamaasai wa Kajiado kabla ya sajili za serikali ulikuwa nao umetawanyika. Jamii iligawanyika katika sehemu kubwa ziitwazo iloshon, mojawapo ikiwa Ilkaputiei, ambayo malisho yake yalienea katika uwanda wa Kitengela na Isinya. Ndani ya kila sehemu kulikuwa na ujirani mdogo uitwao enkutoto, ambamo wazee walikubaliana ni lini malisho ya kiangazi yafunguliwe na ni lini yapumzishwe. Karibu na boma palitengwa olopololi, eneo la nyasi lililohifadhiwa kwa ajili ya ndama na mifugo dhaifu, na asiye wa boma hilo hakuruhusiwa kulishia hapo. Maji ya mto na ya mvua yalitumiwa na wengi, lakini kisima kilichochimbwa kilikuwa na wenyewe, yaani aliyekichimba na watu wa ukoo wake, na kilikuwa na zamu ya kunyweshea ambayo mgeni alipaswa kuiomba na kuifuata.

Ruhusa katika utaratibu huo ilifuata kitu. Hakuna mtu aliyekuwa na idhini moja ya uwanda mzima. Alikuwa na zamu katika kisima hiki, mahali katika malisho yale, na eneo la ndama kando ya boma lake. Aliyekumbwa na ukame alifuata ndugu, mtu wa rika lake au rafiki waliyepeana ng'ombe, akapokewa katika enkutoto nyingine kwa muda, akinywesha baada ya wenyeji na kuondoka mvua iliponyesha kwao. Ruhusa ya aina hiyo ilikuwa imepunguzwa tangu ilipotolewa, kwa sababu mgeni alipewa sehemu tu ya alichokuwa nacho mwenyeji, na aliyeitoa ndiye aliyekuwa na haki ya kuiondoa.

Utaratibu huo ulikuwa na upungufu wake. Wanawake walikuwa na haki juu ya maziwa na juu ya ng'ombe waliotengewa nyumba zao, lakini ardhi na maji waliyafikia hasa kupitia waume na wana wao. Tena, uhakiki wote ulitegemea watu kujuana, jambo lililowezekana maadamu waombaji walikuwa ndugu, majirani na marafiki wa ndugu. Reli ilipofika Nairobi mwaka 1899 na mji ukaanza kukua umbali mfupi kutoka Kitengela, walianza kuja waombaji wasiojulikana na mtu yeyote, wakiwa na nguvu za dola ambayo haikuhitaji kuomba.

Mikataba isiyo na pa kuwasilishwa

Mnamo 1904, serikali ya Himaya ya Afrika Mashariki chini ya Sir Donald Stewart ilifanya mkataba na viongozi wa Wamaasai, akiwemo Olonana, ambao uliwaondoa katika Bonde la Ufa na kuwaweka katika hifadhi mbili, moja Laikipia na nyingine kusini mwa reli. Mkataba huo uliahidi njia yenye upana wa nusu maili ya kuziunganisha hifadhi hizo, pamoja na eneo la maili tano za mraba Kinangop kwa ajili ya sherehe za jando. Kwa maneno mengine, uliwapa Wamaasai ruhusa zilizotajwa wazi: njia fulani, mahali fulani, kwa matumizi fulani. Baada ya miaka saba tu, mwaka 1911, serikali ilifanya mkataba mwingine ulioiondoa hifadhi ya Laikipia na kuwahamishia watu wake katika hifadhi ya kusini iliyopanuliwa.

Baadhi ya Wamaasai walipinga, na mwaka 1913 wakafungua kesi inayojulikana kama Ol le Njogo na wenzake dhidi ya Mwanasheria Mkuu. Mahakama Kuu iliitupilia mbali, na rufaa nayo haikufaulu, kwa hoja kwamba mikataba ile ilikuwa ya kidola kati ya Taji la Uingereza na Wamaasai, hivyo mahakama za kawaida hazikuwa na uwezo wa kuisimamia. Hukumu hiyo inaonyesha sharti la msingi la kibali chochote. Kibali kinaweza kutaja kitu na ruhusa kwa ufasaha wote, lakini kama hapana chombo kinachowajibika kukipokea na kukitekeleza, kinabaki kuwa maneno matupu, na yule aliyekitoa anaweza kukifuta peke yake wakati wowote aupendao.

Ndani ya hifadhi ya kusini, ambayo ilikuja kuwa wilaya za Kajiado na Narok, serikali ilipendelea kuwatambua watu kwa jina na kabila. Sheria ya kipande ya 1915, iliyotekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza, iliwalazimisha wanaume Waafrika wa umri wa miaka 16 na zaidi kubeba cheti cha kuwatambulisha. Cheti hicho kilieleza mtu ni nani na amefanya kazi kwa nani, si kile alichokuwa na haki nacho. Mifugo ya Wamaasai iliwekewa karantini za mara kwa mara zilizoizuia kupelekwa sokoni, na kutoka katika udhibiti huo wa maradhi ndipo kibali cha kusafirisha mifugo kilipozoeleka. Kibali hicho, ambacho maofisa wa mifugo wa Kenya wanaendelea kukitoa hadi leo, hutaja aina na idadi ya wanyama, wanakotoka na wanakokwenda, na hutumika kwa safari husika tu. Ingawa kilizaliwa katika mazingira ya ubaguzi, kwa umbo lake kinakaribiana sana na kile walichokieleza Dennis na Van Horn, kwa kuwa askari katika kizuizi cha barabarani hahitaji kumjua mchungaji bali kulinganisha karatasi na kundi lililo mbele yake.

Daftari la wanachama

Usajili wa ardhi kwa majina ya watu binafsi ulipata nguvu nchini Kenya baada ya Mpango wa Swynnerton wa 1954, uliolenga kwanza maeneo ya kilimo ya kati, na ukawekewa msingi wa kudumu na Sheria ya Ardhi Iliyosajiliwa ya 1963. Kwa maeneo ya wafugaji, ambako kipande kidogo cha nyasi hakimfai mtu wakati mvua imenyesha kwingine, serikali ilitafuta njia ya kati. Mwaka 1968 zilipitishwa Sheria ya Uamuzi wa Haki za Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Wawakilishi wa Vikundi, na Benki ya Dunia ikagharimia mradi wa kuendeleza ufugaji kupitia ranchi za kikundi. Ranchi ya aina hiyo ilikuwa ardhi moja yenye hati moja, iliyoshikwa na wawakilishi wasiopungua watatu wala kuzidi kumi kwa niaba ya wanachama ambao majina yao yaliandikwa katika daftari. Kwa hati hiyo kikundi kiliweza kukopa katika Shirika la Fedha za Kilimo na kujenga majosho, mabwawa na visima.

Ranchi ya Kitengela ilikuwa na eneo la takriban hekta 18,000 na wanachama waliozidi 200 kidogo. Katika Kajiado kwa jumla, walioandikwa walikuwa hasa wanaume watu wazima, wakuu wa maboma, na wake na watoto wao wakahesabiwa kuwa wamo chini ya majina hayo. Hapo ndipo tabia za orodha zilipoanza kujitokeza. Orodha ilieleza nani yumo na nani hayumo, lakini haikueleza kiasi. Mpango wa kumwekea kila mwanachama idadi ya mifugo haukutekelezwa, na mwenye ng'ombe wengi alitumia nyasi za wote kuliko mwenye wachache, ingawa majina yao yalikuwa na uzito sawa daftarini. Orodha pia iligandisha wakati, kwa sababu vijana waliokua baada ya kuandikishwa kwa baba zao walijikuta wakisubiri kuingizwa, huku waliotangulia wakihofu kwamba kila jina jipya litapunguza fungu la kila mmoja siku ardhi itakapogawanywa. Hofu hiyo ilikuwa mojawapo ya sababu zilizowafanya wanachama wengi wa ranchi za Kajiado, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980, kudai mgawanyo mapema.

Wakala mwenye mamlaka mawili

Ranchi ya Kitengela iligawanywa mwaka 1988. Mwaka huohuo, mwezi Oktoba, Norm Hardy, mhandisi wa mifumo ya kompyuta nchini Marekani, alichapisha makala fupi ambayo imekuwa msingi wa mjadala mzima wa vibali, kuhusu kosa alilolipa jina la wakala aliyechanganyikiwa. Katika kampuni alimofanyia kazi palikuwa na programu iliyotafsiri maandishi ya lugha ya Fortran kuwa amri za mashine, na wateja waliitumia kwa malipo. Programu hiyo ilikuwa na mamlaka mawili: ya mteja, yaliyoiruhusu kuandika matokeo katika faili aliyoitaja mteja, na yake yenyewe, yaliyoiruhusu kuandika katika sehemu ya mfumo ili kuhifadhi takwimu za matumizi. Faili ya ankara za kampuni ilikuwa katika sehemu hiyohiyo. Mteja mmoja alipotaja jina la faili ya ankara kuwa ndipo pa kuandikia matokeo yake, programu ilitii, mfumo ukaona kwamba programu inaruhusiwa kuandika hapo, na kumbukumbu za ankara zikafutika. Kwa hoja ya Hardy, tatizo lilikuwa kwamba wakala alipotenda hakuwa na namna ya kubainisha anatumia mamlaka ya nani. Kama mteja angalilazimika kuleta kibali cha faili badala ya jina lake tu, kosa hilo lisingaliwezekana.

Wawakilishi wa ranchi za kikundi walikuwa katika hali hiyohiyo kisheria. Walishika mamlaka juu ya ardhi yote kwa niaba ya wote, na papo hapo kila mmoja wao alikuwa mwanachama mwenye haki ya fungu lake. Walipoketi na wapimaji kuamua nani apate kipande kipi, kalamu iliyotia sahihi kwa niaba ya kikundi ilikuwa ileile iliyotia sahihi kwa manufaa ya mshikaji wake, na sheria haikuweka chochote cha kutenganisha matendo hayo mawili. Utafiti wa Marcel Rutten, uliochapishwa mwaka 1992 kuhusu ubinafsishaji wa ardhi Kajiado tangu 1890, na ule wa Esther Mwangi wa 2007, umeonyesha jinsi mabadiliko hayo yalivyozaa tofauti. Mwangi hasa ameeleza kwamba katika ranchi alizozichunguza wanakamati na watu wenye uhusiano nao walielekea kupata vipande vikubwa zaidi. Bila shaka binadamu si programu, kwani anaweza kudhamiria anachokifanya, na uadilifu wa mtu una nafasi yake. Lakini utaratibu unaotegemea uadilifu pekee humpa mwaminifu mzigo usio wake na kumwachia asiye mwaminifu mlango wazi.

Kenya ilirekebisha kasoro hiyo baadaye. Katiba ya 2010 ilitambua ardhi ya jamii, na Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 ikaifuta Sheria ya Ardhi ya Wawakilishi wa Vikundi ya 1968. Kamati ya usimamizi yenye wajumbe kati ya 7 na 15 sasa husimamia shughuli za kila siku, ilhali uamuzi wa kuiuza au kuitoa ardhi unahitaji kuungwa mkono na angalau theluthi mbili ya wanachama waliosajiliwa. Mamlaka ya kusimamia yametengwa na mamlaka ya kutoa. Kwa Kitengela, marekebisho hayo yalifika miaka 28 baada ya ardhi ya pamoja kwisha.

Hati na sajili

Baada ya mgawanyo, kila mwanachama alipata hatimiliki. Mwaka 1990 ilipitishwa sheria ya maeneo ya viwanda vya kuzalisha bidhaa za kuuzwa nje, na viwanda vikajengwa Athi River, jirani kabisa na Kitengela. Wafanyakazi walihitaji makazi, wakazi wa Nairobi walitafuta viwanja vya bei nafuu, na mashamba yaliyokuwa malisho yakakatwa kuwa ploti za futi 50 kwa 100, ambazo ni takriban thumni ya ekari. Katika biashara hiyo hati ilionwa na wengi kuwa ndiyo ardhi yenyewe, hata mtu akaamini kwamba aliyeishika karatasi amekamilisha umiliki.

Sheria haisemi hivyo. Mfumo wa Kenya una asili yake katika utaratibu ambao Robert Torrens aliuanzisha Australia Kusini mwaka 1858, ambao kwao umiliki huundwa na maandishi katika sajili ya serikali, na hati ni ushahidi tu wa maandishi hayo. Hati kwa hiyo inafanana na kibali kwa sura, kwa kuwa inataja namba ya kipande na haki ya mwenye nacho, lakini inakosa ile namba ya uhakiki ya Amoeba. Mnunuzi hawezi kuithibitisha kwa kuitazama. Lazima aende kwa msajili akaombe upekuzi rasmi, aone kama kuna rehani au zuio, kisha alinganishe na ramani ya upimaji. Anayeruka hatua hiyo ndiye anayeuziwa ploti iliyokwisha kuuzwa kwa mwingine.

Hata upekuzi hautoshi iwapo sajili yenyewe imeharibiwa. Tume iliyoongozwa na Paul Ndung'u, iliyoundwa mwaka 2003 na kukabidhi ripoti yake mwaka 2004, ilieleza jinsi ardhi ya umma katika sehemu nyingi za Kenya ilivyogawiwa kinyume cha sheria kwa hati zilizotolewa na ofisi za serikali zenyewe. Karatasi hizo zilikuwa halisi. Kilichokuwa cha uongo ni haki zilizodai kuwakilisha. Mwaka 2023, katika kesi ya Dina Management dhidi ya Serikali ya Kaunti ya Mombasa, Mahakama ya Juu iliamua kwamba hati haiwezi kutetewa kwa kuwapo kwake tu ikiwa mchakato ulioizaa ulikuwa na kasoro za kisheria. Kwa mnunuzi wa Kitengela, maana yake ni kwamba anapaswa kufuatilia mlolongo wote, tangu daftari la ranchi ya kikundi hadi kwa anayemuuzia.

Sheria pia iliweka vibali vidogo kando ya hati kubwa. Chini ya Sheria ya Udhibiti wa Ardhi ya 1967, uuzaji au ugawaji wa ardhi ya kilimo ni batili usipopata idhini ya bodi ya eneo, idhini inayohusu kipande kimoja na muamala mmoja. Sheria za ardhi za 2012 ziliongeza sharti la ridhaa ya mwenzi wa ndoa katika rehani ya makazi ya familia. Vipengele hivi vinapuuzwa mara nyingi kama usumbufu wa ofisini, ilhali ndivyo vilivyomrejeshea mke sauti ambayo daftari la 1968 halikuiandika.

Ruhusa iliyopunguzwa

Hatimiliki ilimpa mwenye ardhi karibu kila kitu kwa pamoja: kulisha, kulima, kuchimba mawe, kuzungusha ua, kuuza. Athari yake ilionekana upesi katika mazingira. Mbuga ya Nairobi, iliyotangazwa Desemba 1946 ikiwa na eneo la kilomita za mraba 117, iliachwa wazi upande wa kusini kwa sababu nyumbu, pundamilia na wanyama wengine walihitaji kutoka msimu wa mvua kwenda nyasi za uwanda wa Athi na Kaputiei. Njia yao ilipita katika ardhi ambayo sasa ilikuwa na mamia ya wenyewe, kila mmoja akiwa huru kuifunga. Nyua zilivyoongezeka, nyumbu walipungua sana, na wafugaji nao wakakosa njia za kuhamisha mifugo wakati wa ukame.

Mwaka 2000 ulianzishwa mpango wa ukodishaji kwa ajili ya uhifadhi, ambao kupitia taasisi ya The Wildlife Foundation uliwalipa wenye ardhi takriban dola 4 za Marekani kwa ekari kwa mwaka, kwa awamu zilizopangwa kuendana na majira ya karo za shule. Mwenye ardhi alibaki na hati yake na kuendelea kufuga. Alichokubali ni kutozungusha ua, kutochimba mawe, kutolima, na kuwaacha wanyamapori wapite. Umuhimu wa mpango huo kihistoria ni kwamba ulirudisha kitu ambacho mila ilikuwa nacho na hati ilikuwa imekipoteza, yaani haki finyu inayoweza kutolewa bila kutoa ardhi nzima. Haki ya kupita ilitenganishwa na haki ya kumiliki, ikapewa bei, muda na masharti. Malipo hayo hayakuweza kushindana na bei ya ploti karibu na barabara kuu, na kwa hiyo mpango haukuzuia mji kukua; lakini ulithibitisha kwamba wafugaji wa Kitengela walikuwa tayari kuiacha ardhi wazi pale makubaliano yalipokuwa ya haki na yenye mipaka inayoeleweka.

Kubatilisha na kukabidhi

Wataalamu wa kompyuta waliwahi kuulaumu mfumo wa vibali kwa sababu kibali kikishatolewa ni vigumu kukirudisha. David Redell alilitatua jambo hilo mwaka 1974 katika tasnifu yake ya Chuo Kikuu cha California, Berkeley: mwenye kitu asimpe mwingine kibali cha moja kwa moja, bali ampe kibali cha kupitia kwa mpatanishi ambaye mwenye kitu anaweza kumwondoa baadaye, na kumwondoa hakuathiri vibali vya watu wengine. Historia ya Kajiado inaongeza swali ambalo mashine haziulizi, nalo ni nani ashike uwezo wa kubatilisha. Mwaka 1911 uwezo huo ulikuwa mikononi mwa upande mmoja wenye nguvu, na matokeo yake yakawa uhamisho. Katika kisima cha ukoo na katika mkataba wa ukodishaji, uwezo wa kubatilisha ulikuwa kwa aliyetoa ruhusa, chini ya masharti yaliyojulikana tangu mwanzo, na hakuna aliyepoteza makao kwa sababu yake.

Jambo hili lina uzito leo. Tarehe 27 Aprili 2021, Rais Uhuru Kenyatta alizindua Ardhisasa, mfumo wa taifa wa taarifa za ardhi kwa njia ya kielektroniki, ulioanza na Nairobi. Mfumo wa aina hiyo unaweza kumpa mnunuzi ile namba ya uhakiki iliyokosekana kwenye karatasi, na kumwondolea safari za ofisini. Hata hivyo, mfumo unaojengwa juu ya akaunti ya mtu na nywila yake unarudia kwa umbo jipya tabia za daftari, kwa sababu unauliza mtu ni nani, na akishatambuliwa unamfungulia yote yaliyo yake. Mzee asiyetumia kompyuta atalazimika kumpa mwanawe, wakili au wakala nywila hiyo ili amfanyie upekuzi mmoja, na kwa kufanya hivyo atakuwa amemkabidhi pia uwezo wa kuomba uhamisho wa umiliki. Wakala huyo atakuwa na mamlaka mawili mkononi, kama walivyokuwa wawakilishi wa 1988.

Ufundi wa kuepuka hali hiyo upo na unajulikana. Kanuni ya OAuth 2.0 ya mwaka 2012, inayotumiwa na huduma nyingi za intaneti, humwezesha mwenye akaunti kumpa mwingine tokeni yenye upeo na muda maalumu bila kumfichulia nywila, na vibali viitwavyo makaruni, vilivyoelezwa na watafiti wa Google na wenzao mwaka 2014, humwezesha aliye na kibali kukiongezea masharti zaidi kabla ya kukikabidhi, bila kurudi kwa aliyekitoa. Sajili ya ardhi iliyojengwa kwa misingi hiyo ingemwezesha mjane wa Isinya kumpa wakili wake ruhusa ya kupekua kipande kimoja kwa siku 30 na si zaidi, ingeidhinisha uhamisho pale tu mwenye ardhi, mwenzi wake na bodi watakapokuwa wametoa kila mmoja kibali chake, na ingeiandika haki ya kupita kwa mifugo na wanyamapori kuwa haki kamili yenye namba yake, badala ya kuiacha itegemee hisani ya mwenye ua. Katika Kajiado zingaliko ardhi za jamii na maelfu ya ekari ambazo hazijakatwa ploti. Wanaoandika kanuni za sajili hizo, kwa lugha ya sheria na kwa lugha ya kompyuta, wana wajibu wa kuisoma Kitengela kabla ya kuandika, kwa kuwa ardhi ya pamoja ya uwanda huo haikupotea kwa uvamizi wala kwa karatasi bandia, bali kwa sahihi halali za watu waliopewa mamlaka mapana kuliko kazi waliyotumwa.